Hodi kwa Bi Thureya

Ghorofa ya tatu, Bondeni, feni yazunguka kwa kusuasua,
naandika msimbo wa ukanda mwembamba
utakaoshuka juu ya dirisha la programu.
Pikseli arubaini kwenda chini. Si zaidi.
Ndani yake maneno machache, kitufe kimoja,
na alama ya kufungia kwenye pembe ya kulia.

Kabla yake kilikuwa kisanduku.
Kilijitokeza katikati ya skrini, kikafifisha kila kitu nyuma yake,
kikaandika SAWA, kikangoja.
Bi Thureya wa duka la dawa akanipigia simu:
“Famau, hiki kitu chako ni mdai!
Nina mteja mbele yangu, mtoto ana homa,
nacho chanishika mkono, chanambia
ripoti ya Jumanne iko tayari.”

Kunradhi, nikasema. Nikakifuta.

Nani alinifunza adabu ya kuarifu?
Si kitabu cha maelekezo.
Ni muuza kahawa wa pale chini,
agongaye vikombe viwili kwa mkono mmoja:
hasemi nunua, hamsimamishi mtu njiani.
Mwenye hamu husikia. Asiye nayo hupita na shughuli zake.
Na mamangu, aliyenivuta sikio
siku nilipoingia kwa jirani kimya kimya:
hodi mara tatu, mwanangu,
usipojibiwa, rudi.

Basi nikaandika hivyo hivyo.
Ukanda ushuke polepole, milisekunde mia mbili,
usifunike jina la dawa wala bei,
uvisogeze vilivyo chini yake
kama mgeni aombaye nafasi kwenye mkeka.
Buluu kwa habari, manjano kwa tahadhari,
nyekundu, Mungu apishe mbali.
Kipima muda: sekunde tano.
Kisha upande juu, ujifiche, kana kwamba haukuwapo.

Kosa la kwanza lilikuwa la ukoo.
Niliufanya ukanda mwana wa dirisha dogo la mauzo;
Bi Thureya alipolifunga, mzazi alikufa na mwanawe,
na kipima muda, kisichopewa habari ya msiba,
kikaenda kugonga mlango wa nyumba iliyovunjwa.
Programu nzima ikaanguka.
Mwero, anayejaribu kazi zangu, alicheka akashika ubavu.
Nikaubadilishia mzazi: dirisha kuu,
lisilofungwa hadi duka lifungwe.

Nikadhani nimemaliza.

Ijumaa stima ikapotea mtaa mzima, ikarudi, ikapotea tena.
Kompyuta ikabaki kwa betri.
Jokofu la insulini likaanza kupata joto,
kihisi kikasema,
ukanda ukashuka, mwekundu, herufi zake safi.
Bi Thureya alikuwa chumba cha nyuma, juu ya msala.
Moja, mbili, tatu, nne, tano.
Ukapanda juu na adabu zake zote.

Vichupa kumi na saba.
Hakunipigia kelele. Alipanda ngazi zote tatu
na magoti yake yale,
akaniwekea kimoja juu ya kibodi
na kuniuliza, akihema:
“Mwanangu, na moto nao hupiga hodi?”

Usiku ule nilifuta mstari mmoja tu.
Ukanda mwekundu hauna tena saa.
Hushuka, hukaa,
na kila dakika hutoa mlio wa vikombe viwili vikigongana
(niliurekodi pale chini, kwa shilingi ishirini na kahawa mbili)
hadi kidole cha mtu kije kiuguse.

Mwero asema sauti imezidi.
Bi Thureya hajasema kitu; ameagiza insulini nyingine.
Ila muuza kahawa, jana, alipita mbele ya duka la dawa,
akasimama, akatega sikio,
akauliza kwa hasira
ni nani huyo anayeuza kwenye njia yake.